Besiboli kwa wanaoanza: nani lazima akimbie, nani yuko auti?

mwl_barani

Asalaam aleikum wanajukwaa. Shule moja hapa Malindi imeletewa vifaa vya besiboli: glavu 12, magongo mawili ya alumini, mipira 18, helmeti nne na seti moja ya mdakaji, yaani kinyago, kinga ya kifua na kinga za miguu. Watoto ni 26, wasichana na wavulana, miaka 11 hadi 13. Uwanja ni ule wa kandanda, mchanga mwingi na nyasi za kubahatisha.

Kupiga wanapiga, kudaka wanajifunza. Shida ni mbio. Mpira ukipigwa, ama wote wanakimbia ama hakuna anayekimbia, halafu ni kelele tu: "Yuko auti!" "Hajaguswa!" Nielezeni kama mtu asiyejua kitu: mchezo unaendaje, mkimbiaji analazimika lini na ana hiari lini, na uwanja nitaupima vipi juu ya huu wa kandanda bila gharama kubwa.

refa_wa_kusi

Wa aleikum salaam mwalimu. Mimi nachukua sheria, uwanja nawaachia wenye kamba.

Timu mbili, tisa kwa tisa. Moja inapiga, nyingine inalinda. Inayolinda ndiyo yenye mpira, na wengi waliolelewa na kandanda huteleza hapo hapo: mwenye mpira hafungi. Anayefunga ni mkimbiaji, kwa miguu yake, akikanyaga besi ya kwanza, ya pili, ya tatu na kurudi nyumbani alikoanzia. Kila anayefika nyumbani ni pointi moja. Timu inapiga mpaka watu wake watatu watoke auti, kisha wanabadilishana. Zamu ya timu hii na ya timu ile ndiyo iningi moja. Watu wazima hucheza iningi 9, watoto wa umri huo 6.

Mrushaji anarusha kuelekea kwa mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya kibao cha nyumbani, na mpigaji amesimama ubavuni mwa kibao. Mpira ukipita juu ya kibao, kati ya magoti na makwapa ya mpigaji, ni straiki hata kama hakutikisa gongo. Akizungusha gongo akakosa, ni straiki popote ulipopita. Ukienda nje ya mistari ni faulo, nayo huhesabiwa straiki, ila faulo ya kawaida haiwi straiki ya tatu. Straiki tatu, auti. Mpira uliopita nje ya eneo hilo, na mpigaji akauacha, unaitwa boli. Boli nne, anatembea besi ya kwanza bure. Ukimgonga mwilini bila yeye kujaribu kuupiga, naye anapewa besi ya kwanza, mradi alijitahidi kuukwepa. Kighairi kimoja cha faulo: mwenye straiki mbili akiutega mpira kwa gongo bila kulizungusha, ile inayoitwa banti, na mpira ukaenda faulo, hapo yuko auti.

Mistari yenyewe ni ndani. Mpira ukiangukia juu ya mstari ni halali. Mpira wa kubingirika, usiamue mapema: ukitoka nje kabla ya kufika besi ya kwanza au ya tatu na ukatulia huko, faulo. Ukiigusa besi, au ukaipita ukiwa ndani, halali hata ukitoka baadaye. Ule wa juu unaovuka besi hizo hutazamwa pale unapogusa ardhi mara ya kwanza, au pale ulipoguswa na mlinzi.

Sasa kelele zenu. Besi moja haikai watu wawili. Wafundishe hilo kwanza, mengine yatafuata yenyewe. Mpira wa chini ukipigwa ndani ya mistari, mpigaji anageuka mkimbiaji na lazima aende besi ya kwanza. Kama palikuwa na mtu pale, mtu huyo hana tena pa kukaa: lazima aende ya pili. Kama ya pili nayo ilikuwa na mtu, huyo lazima aende ya tatu, na wa tatu lazima aende nyumbani. Mnyororo ukikatika, lazima inakatika. Mtu akiwa besi ya pili na ya kwanza ilikuwa tupu, hakuna anayemsukuma. Akitaka akae, akitaka aende.

Aliyelazimishwa hahitaji kuguswa. Mlinzi mwenye mpira akikanyaga besi anayoiendea kabla hajafika, ameisha. Mwenye hiari lazima aguswe mwili akiwa nje ya besi, kwa mpira wenyewe au kwa glavu yenye mpira ndani. Watoto hupenda kugusa kwa glavu tupu huku mpira uko mkono wa pili. Hiyo si auti. Na kumtupia mkimbiaji mpira ili umgonge si auti pia, marufuku kabisa. Mpira huu ni mgumu, una gramu 142 hadi 149.

Kuna mtego unaowapata hata waliocheza miaka. Mtu yuko besi ya kwanza. Mpira wa chini unamfikia mlinzi wa besi ya kwanza, anakanyaga besi yake: mpigaji auti. Kisha anatupa besi ya pili, mlinzi wa pili anakanyaga na kuinua mikono akishangilia. Amekosea. Mpigaji alipotoka auti, yule mkimbiaji hakuwa tena na mtu nyuma yake wa kumsukuma, lazima imekufa, sasa ni mpaka aguswe. Wangefanya kinyume, besi ya pili kwanza kisha ya kwanza, auti zote mbili zingepatikana kwa kukanyaga tu.

La mwisho, besi ya kwanza. Mpigaji anayekimbilia pale anaruhusiwa kuikanyaga na kupitiliza kwa kasi yake, kisha arudi bila kuguswa. Ageuke kulia au kushoto haidhuru, alimradi hakuonyesha dalili ya kuelekea ya pili. Besi ya pili na ya tatu hazina ruhusa hiyo, akipitiliza anaguswa. Kwa hiyo usiwaache wapunguze mwendo wakikaribia ya kwanza. Wakimbie kana kwamba besi iko mita tatu mbele zaidi.

kamba_na_vigingi

Uwanja basi. Kwa miaka 11 na 12 besi hukaa mita 18.29 kutoka moja hadi nyingine. Za watu wazima ni 27.43, usizisogelee sasa. Wale wenu wa 13 wacheze hizi hizi, mchanga wenyewe tayari unawachelewesha.

Unahitaji vigingi vinne, tepu ya fundi na kamba moja. Piga kigingi cha nyumbani. Pima mita 25.86 kuelekea katikati ya uwanja, piga kigingi cha besi ya pili. Sasa chukua kamba ya mita 36.58, ifunge alama katikati kabisa, ncha moja nyumbani, ncha ya pili kwenye besi ya pili. Shika ile alama ya katikati uivute kulia mpaka kamba ikaze: hapo ni besi ya kwanza. Ivute kushoto: ya tatu. Pembe za mraba zinatoka zenyewe, huhitaji kifaa kingine. Kamba ya nailoni hunyumbuka, kwa hiyo pima urefu ikiwa imevutwa, si ikiwa imelala chini.

Mifuko ya besi ya kwanza na ya tatu hukaa ndani ya mraba, ubavu wake ukigusa mstari. Ule wa pili kitovu chake ndicho hukaa juu ya kigingi. Baada ya kuweka ng'oa vigingi vyote, usimwachie mtoto chuma chini ya mfuko.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la mrushaji. Watu humweka katikati ya almasi, yaani ule mraba wa besi, kwa sababu panapendeza. Katikati ni mita 12.93 kutoka nyumbani. Mahali pake ni mita 14.02, zikipimwa kutoka ncha ya nyuma ya kibao cha nyumbani hadi ukingo wa mbele wa kibao cha mrushaji. Ile mita moja na kitu ndiyo inampa mpigaji nafasi ya kuuona mpira.

Kibao cha nyumbani kata kwenye mkeka wa raba au raba nene ya gari, si mbao, maana mbao ikilowa inateleza. Pembe tano: upande wa mbele sentimita 43.2, mbavu mbili za 21.6 kila moja, kisha mbili za mshazari za 30.5 zinazokutana kwenye ncha. Ncha inatazama kwa mdakaji. Wengi hukiweka kinyume, ncha kwa mrushaji, na vipimo vyote vinaharibika. Kilale sawa na ardhi, kisiinuke. Besi, shona viroba vya sentimita 38 kwa 38, tia mchanga nusu tu ili vilale bapa. Vikijaa vinakuwa duara na kifundo cha mguu kinageuka.

Kuhusu upande wa kutazama, mstari kutoka nyumbani kwenda besi ya pili unapendekezwa uelekee mashariki-kaskazini-mashariki ili jua la jioni lisimpige mpigaji machoni. Malindi hiyo ina maana mpigaji anatazama baharini. Kama magoli yenu yako kaskazini na kusini, chukua kona ya kusini-magharibi ya uwanja wa kandanda, kisha sogeza nyumbani mita 8 ndani kutoka kila mstari. Hapo umepata nafasi ya mdakaji nyuma, na nguzo za goli zinabaki mita 8 nje ya mstari wa faulo, hakuna atakayezikimbilia macho yakiwa juu. Walinzi ndio watakaotazama jua, hasa wa kulia nje. Wape kofia.

Upepo nao una maneno yake. Kusi likivuma, kwa uwanja uliokaa hivyo, linatoka upande wa kulia wa mpigaji na kusukuma mipira ya juu kushoto. Mlinzi wa kushoto nje asogee karibu na mstari. Kaskazi inakuja usoni kabisa, mpira uliopigwa juu unasimama angani na kuanguka mfupi. Siku hizo walinzi wa nje wasogee hatua tano sita mbele.

Mistari: usitumie chokaa ya kupakia kuta. Ikikutana na jasho inaunguza ngozi, na machoni ni balaa. Unga wa chaki unatosha, au chora mfereji mwembamba kwa reki na umwagie maji. Kabla ya kila mchezo pitisheni watoto wakiwa mstari mmoja waokote vipande vya matumbawe na vigae vya chupa.

mkono_salama

Naongezea vifaa na mikono, maana hapo ndipo watu huumia.

Anayerusha kwa mkono wa kulia anavaa glavu mkono wa kushoto. Inasikika rahisi, lakini siku ya kwanza nusu watavaa kinyume kwa kuwa wanataka kudaka kwa mkono wenye nguvu. Mwalimu, panga glavu zako uone ngapi ni za wanaorusha kwa kushoto, zile zinazovaliwa mkono wa kulia. Kama hakuna hata moja, mtoto wa kushoto asilazimishwe kurusha kwa kulia. Mpe zamu ya kupiga, na kwenye mazoezi ya kurusha atumie mpira laini bila glavu. Kupiga ni habari nyingine, mtu anaweza kurusha kwa mkono huu na kupiga kwa upande ule. Shohei Ohtani wa Japani anarusha kwa kulia na kupiga kwa kushoto.

Kushika mpira: vidole viwili, cha shahada na cha kati, vikatishe mshono pale unapopinda kama kwato, gumba chini katikati yao. Kati ya mpira na kiganja kibaki kijinafasi. Mtoto mwenye mkono mdogo atumie vidole vitatu, si neno. Akiukumbatia kwa kiganja kizima mpira hautoki kwa kasi na unapinda ovyo. Kisha bega la mkono wa glavu limtazame anayetupiwa, mguu wa upande huo upige hatua moja kwake, kiwiko cha mkono unaorusha kifike usawa wa bega, mkono umalizie chini upande wa pili wa mwili. Mpira ukiruka juu ya vichwa kila mara, kitazame kiwiko: kimeshuka. Ukigonga chini mapema, ameuachilia kwa kuchelewa. Anzeni mita 7 hivi, mkiongeza umbali taratibu.

Kudaka: mpira ulio juu ya kiuno, vidole vya glavu vitazame juu. Chini ya kiuno, vitazame chini. Mpira wa chini, glavu iguse mchanga kwanza, kisha ipande. Anayeanza na glavu juu na kuishusha huachia mpira upite kati ya miguu, na kwenye uwanja wa mchanga unaoruka ovyo atapigwa kidevuni. Mkono wa pili uwe karibu na glavu kuufunika mpira.

Kupiga: miguu ipanuke kidogo kupita mabega, mikono ikutane kwenye gongo. Anayepiga upande wa kulia, mkono wa kulia unakaa juu ya wa kushoto. Mikono ikipishana ni hatari kwa vifundo. Gongo likimshinda kulinyoosha mbele kwa mkono mmoja kwa sekunde kumi, ni zito kwake. Na baada ya kupiga, gongo linaachwa chini, halirushwi. Sheria ya mazoezi iwe kali: anayetupa gongo, zamu imekwisha. Kagua alumini kila siku kwa kupitisha kidole. Likiwa na ufa, tupa, lisitumike hata kwa mazoezi.

Helmeti nne zinatosha barabara: mpigaji mmoja na wakimbiaji watatu. Anayesubiri zamu asishike gongo mpaka apate helmeti. Bila kinyago mtu asichuchumae nyuma ya mpigaji, hata kwa dakika moja. Siku ambayo seti ya mdakaji haipo, tumieni mpira wa tenisi, au wekeni mpira juu ya bomba la plastiki lililosimamishwa ndani ya tairi, usawa wa kiuno, wapige kutoka hapo.

Idadi ya mirusho ihesabiwe kwa kalamu. Little League, ligi ya watoto iliyoanzia Marekani, inaweka kikomo cha mirusho 85 kwa siku kwa miaka 11 na 12. Aliyerusha 21 hadi 35 anapumzika siku moja, 36 hadi 50 siku mbili, 51 hadi 65 siku tatu, 66 na zaidi siku nne. Kwa wanaoanza ningekomea 35. Aliyefikisha 41 asiwe mdakaji siku hiyo, kwa sababu mdakaji naye anarudisha kila mpira. Mtoto akishika kiwiko au bega, ametoka, hakuna kujadiliana. Mirusho ya kupinda isubiri miaka kadhaa.

Hewa ya chumvi haipendi ngozi. Glavu ikilowa ikaushwe kivulini, jua linaikakamaza. Mpira ukae ndani yake, ifungwe kwa kamba, isije ikapoteza umbo. Mafuta kidogo tu kwa kitambaa. Ukiijaza mafuta ya nazi inakuwa nzito na inanasa mchanga. Mipira ni uzi wa sufu uliofungwa ndani ya ngozi, ikilowa huwa mizito na kushonoka. Tenga sita mizuri kwa mechi, mingine ya mazoezi.

mwl_barani

Mashallah, shukrani. Nimeichora ile ya kamba kwenye ubao na imeeleweka. Sasa tukwamuliwe na hii. Auti moja tayari. Watu wako besi ya pili na ya tatu. Mpira wa juu unaenda kushoto nje, unadakwa. Wa tatu alisubiri, ukadakwa, akakimbia nyumbani. Wa pili aliondoka kabla haujadakwa. Mpira ukatupwa besi ya pili, mlinzi akakanyaga, auti ya tatu. Pointi ya yule aliyeingia nyumbani ipo au haipo? Wengine wanasema haipo kwa kuwa besi ilikanyagwa tu, kwa hiyo ni ile auti ya lazima.

refa_wa_kusi

Swali zuri, mwalimu. Mpira ukidakwa angani, mpigaji ni auti na hakuna tena mtu wa kumsukuma mwingine. Kila mkimbiaji lazima awe anagusa besi yake baada ya mpira kuguswa na mlinzi anayeudaka, ndipo aondoke. Aliyetangulia lazima arudi. Walinzi wakiufikisha mpira kwenye besi aliyoiacha kabla hajarudi, na wakamwonyesha refa kuwa wanamdai, yuko auti. Refa haiiti mwenyewe. Wasipodai, kosa limepita.

Ni kweli besi ilikanyagwa tu. Hata hivyo hiyo si auti ya lazima, ni adhabu ya kuondoka mapema, na tofauti yake inaonekana kwenye pointi. Auti ya tatu ikiwa ya lazima, au ya mpigaji kabla hajafika besi ya kwanza, hakuna pointi inayohesabiwa hata kama mtu alishakanyaga nyumbani zamani. Auti ya tatu ikiwa ya aina nyingine, tazama saa: kipi kilitangulia? Wa tatu akikanyaga nyumbani kabla mpira haujafika besi ya pili, pointi ipo. Kama mpira ulitangulia, haipo. Kwa hiyo refa wa nyumbani jicho moja kwenye kibao, jingine kule. Kwa mazoezi, wekeni mtoto mmoja akae nyuma ya nyumbani apaze sauti "Ameingia!" mguu unapogusa.

Kwa kuwa mmefika kwenye mipira ya juu, kuna sheria moja itakayowachanganya. Kukiwa na watu besi ya kwanza na ya pili, au besi zote tatu, na auti ni chini ya mbili, mpira wa juu, ulio ndani ya mistari, ambao mlinzi wa ndani, yaani wa karibu na besi, angeudaka bila taabu humtoa mpigaji auti papo hapo, udakwe usidakwe. Refa anaita ukiwa bado juu. Bila hivyo mlinzi mjanja angeuachia uanguke makusudi. Wakimbiaji wamesubiri kwenye besi zao, ghafla wote wanalazimika, na yeye anachukua auti mbili bure. Banti na mpira uliopigwa kwa kasi ulionyooka hazimo. Wakimbiaji wanaweza kuondoka kwa hatari yao.

Mambo mengine yaacheni kwa sasa. Mdakaji akiangusha straiki ya tatu kuna nafasi ya mpigaji kukimbia. Ligi za wadogo kabisa huiacha, iacheni nanyi. Kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa: ruhusuni, lakini mkimbiaji asiondoke mpaka mpira umfikie mpigaji, ndivyo umri huo unavyocheza. Vinginevyo mdakaji wenu atapigwa chenga mpaka achoke.

dada_wa_maweni

Samahani kuingilia, ila kwa nini msianze na Baseball5? Watu watano kwa watano, wavulana na wasichana pamoja, mpira wa raba, unapigwa kwa mkono. Hakuna gongo, glavu wala mrushaji. Besi ziko mita 13 tu, iningi tano. Na imeingizwa kwenye Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026. Kila kelele ya lazima na hiari mnaifundishia hapo bila mtu kupigwa na mpira mgumu. Glavu zikae sandukuni wiki mbili.

mkono_salama

Dada, kwa mbio nakubaliana nawe moja kwa moja. Kwa wiki mbili za sandukuni sikubali. Kudaka kwa glavu kunachukua muda mrefu kuliko sheria zote zilizotajwa hapa, na mtoto aliyezoea raba akikutana na mpira wa ngozi ananyoosha mikono na kugeuza uso. Nusu ya kwanza ya kila kipindi glavu na kurusha wawili wawili, nusu ya pili Baseball5 kwa ajili ya mbio. Mwisho wa wiki ya pili unaunganisha. Ila waonye kwamba kule mpira lazima udunde ndani ya uwanja kwanza. Wakija kwenye gongo watakuwa wamezoea kupiga chini, na si vibaya kwa anayeanza.

mwl_barani

Nimeelewa, nitafanya nusu kwa nusu. La mwisho: 26 nawagawaje, na tunaanza saa kumi jioni, Maghrib inatukuta uwanjani.

refa_wa_kusi

Timu mbili za 13. Wote 13 waingie kwenye orodha ya kupiga, kwa mpangilio usiobadilika mpaka mechi iishe. Aliyepiga mwisho iningi hii, anayemfuata ndiye anaanza ijayo. Uwanjani tisa tu, wanne nje, na mtoto asikae nje iningi mbili mfululizo. Nafasi zina namba za kudumu, ziandike kwenye karatasi: 1 mrushaji, 2 mdakaji, 3 besi ya kwanza, 4 besi ya pili, 5 besi ya tatu, 6 yule wa kati ya ya pili na ya tatu, 7 kushoto nje, 8 katikati nje, 9 kulia nje. Ukiandika 6-3, mtu anajua mpira ulitoka kwa sita, ukaenda kwa tatu, mpigaji auti. Wanne walio nje, mmoja ashike karatasi hiyo, mmoja ahesabu mirusho.

Weka kikomo cha pointi tano kwa zamu. Mrushaji anayeanza anaweza kutoa boli nne nne mpaka watu wasinzie, na bila kikomo hiyo ndiyo jioni yenu nzima. Iningi mpya isianze baada ya saa kumi na mbili kasorobo. Timu inayopiga ya pili ikiwa inaongoza kabla ya zamu yake ya mwisho, haina haja ya kupiga. Na giza likiwakatiza, iningi nne zikiwa zimekamilika mechi inahesabika. Tatu na nusu zinatosha kama inayoongoza ni ile inayopiga ya pili.